Daktari Niliyemtangaza Mwenyewe

Mjukuu wangu aliitwa Daktari kabla hajajua kufunga viatu. Siku moja alinikuta nimelala kwenye majlisi, chumba chetu cha wageni, kichwa kinaniuma, akachukua mtandio wa bibi yake akanifunga kichwa pamoja na sikio moja, kisha akakaa pembeni akingoja nipone. Nilipotoka kwenda kusali alasiri nilisahau kuuvua. Jirani akaniuliza nimepatwa na nini, na mimi badala ya kuona haya nikamjibu kwamba nimeshatibiwa na Daktari wangu. Jina likakaa hapo hapo. Mwenyewe hakuulizwa, na kwa nini aulizwe, alikuwa bado ananyonya kidole.

Jirani huyo inafaa nimweleze mapema, kwa sababu ningependa sana kumtwika lawama za habari hii, na si haki. Ana wajukuu wawili wanaosomea udaktari. Huku kwetu Mabela, Maskati, watu wote wakikutana huanza kwa kulalamikia joto. Yeye huanza na wajukuu, joto hulifikia baadaye. Mimi nilikuwa na mmoja tu wa kumjibu naye, tena mdogo. Basi nilimtumia vizuri. Kila alipotaja mtihani wa wajukuu wake, mimi nilitaja Daktari wangu alivyoshika namba nzuri darasani, hata kama namba yenyewe ilikuwa ya kuchora.

Miaka ikenda namna hiyo mpaka mtoto akafika darasa la kumi. Skuli yake ikawaita wanafunzi wa darasa hilo na kuwaambia kwamba kuanzia mwaka ujao, anayetaka anaweza kuacha njia ya masomo ya kawaida akachukua masomo ya amali, yaani ya kujifunza kazi, na miongoni mwake ipo kozi ya afya na huduma za jamii. Viti vichache. Mlezi aende mwenyewe skuli kabla ya wiki ijayo kwisha, aseme ameridhia.

Alikuja kuniambia mimi kwanza, jikoni, bibi yake akimenya mbatata. Alisema anaitaka kozi ile. Nikamwuliza kama kozi hiyo inamfikisha kwenye udaktari. Akasema inaweza kumfikisha kwenye mambo mengi, lakini yeye hataki udaktari, na kemia anaiogopa kama mimi ninavyoiogopa sindano. Nikamwuliza sasa inafundisha nini. Akasema inafundisha kumhudumia mtu: mgonjwa, mzee, mtoto, mwenye ulemavu, namna ya kumsikiliza, kumnyanyua bila ya kumuumiza, kumlisha, kumtunzia siri zake.

"Kumlisha," nikasema. "Mtu anakwenda skuli kufundishwa kwamba kijiko kinaingia mdomoni?"

"Babu, wewe kila siku bibi akikupa uji unaungua ulimi. Kumbe ungesoma kidogo."

Bibi yake alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi sikucheka. Nilisema kwamba kazi ya kulisha wazee na kuwaosha miguu hufanywa na watumishi waliotoka mbali kuja kutafuta riziki, na kila nyumba ya mtaa wetu inaye mmoja, na sikumlea mjukuu wangu mpaka akafika hapa ili aje kushindana nao. Nilisema mengi. Mke wangu, ambaye ananijua, aliokota kisu chake akaendelea kumenya, na alipoona nimenyamaza akaniuliza polepole kama ninamfikiria mtoto au ninamfikiria jirani. Nikamwambia mbatata zinaungua. Zilikuwa bado mbichi, hazijakaribia moto.

Mwanangu, baba yake mtoto, anafanya kazi Duqm, mbali na Maskati, na anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Mkewe aliridhia, lakini kwa adabu yake akasema neno la mwisho ni la Babu. Adabu ile ilinipendeza mno. Ningekuwa na akili ningeiogopa. Nilimpigia mwanangu simu nikamwambia mimi sikuridhia. Akasema kama Babu hakuridhia, basi.

Mtoto alisema, "Sawa, Babu." Hakulia, hakununa. Ila tangu jioni ile, kila nilipouliza kitu ndani ya nyumba, iwe miwani yangu iko wapi au nani amezima mashine ya baridi ya majlisi, yeye alinijibu kwa upole, bila ya kuinua macho: "Muulize daktari."

Sasa lazima nieleze kahawa yetu, maana bila ya kahawa habari hii haisogei.

Baada ya alasiri, wazee wanne watano hukusanyika kwenye majlisi yangu, ambayo mlango wake unafungukia njiani. Wote ni watu wa Unguja, au wazee wao walikuwa wa Unguja, na lugha yetu huchanganyika Kiswahili na Kiarabu kiasi ambacho mtumishi wa jirani, anayetoka Tanga, anasema tunaongea kama redio inayotafuta stesheni. Tende huwekwa katikati. Kahawa namimina mwenyewe, kwa kuwa vijana wote wako kazini, na pia kwa kuwa napenda. Mmiminaji husimama na dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, humpa mgeni finjani, kikombe chake kidogo, kwa mkono wa kulia, na humtilia kidogo tu. Akimaliza anairudisha mbele yako, nawe unamtilia tena, na tena, mpaka mwenyewe aitikise finjani kwa mkono wake. Akiitikisa maana yake ametosheka. Unaichukua, unakwenda kwa mwengine. Hapasemwi kitu. Kahawa kwetu haiombwi wala haikataliwi kwa mdomo, na mgeni mwenye adabu anajua kuitikisa kabla mwenye nyumba hajachoka.

Mnywaji mkubwa katika majlisi ile alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya kona. Yeye na mimi tulikaa dawati moja katika skuli ya sekondari kule Unguja, tukanakiliana makosa yale yale, tukaja Maskati kila mtu kwa njia yake, yeye akafanya kazi idara ya maji, mimi nikawa karani wa bohari serikalini mpaka nikastaafu. Kwa kahawa hakuwa na mshindani. Nilikuwa nikimwambia nitamwekea bomba kutoka jikoni. Kisha yakamjia maradhi ya kutetemeka, mkono wa kulia kwanza, na sauti nayo ikamshuka, ikawa maneno yanatoka mamoja mamoja, na watu wenye haraka kama sisi tukawa tunamalizia sentensi zake.

Siku moja finjani ilimponyoka, kahawa ikamwagika kwenye zulia jipya la majlisi. Nilifanya mzaha, kama tunavyofanyiana siku zote. Nilimwambia zulia hili leo limekunywa kuliko yeye. Watu walicheka, na yeye alicheka. Tangu siku zile nikaona kwamba anakunywa finjani moja tu, akiinyosha mbele yangu anaitikisa, naichukua. Tulishangaa. Jirani mwenye wajukuu alisema rafiki yetu amekuwa walii, anaikata nafsi yake. Nikachangia kwamba walii hali tende nyingi vile. Baadaye akapunguza kuja. Baadaye hakuja. Tukasema maradhi yamemchosha, au amepata televisheni kubwa, na kila jioni tulimtaja kwa kheri na hakuna hata mmoja wetu aliyetembea nyumba tatu kwenda kumwuliza.

Kumbe mtoto alikwenda.

Mwalimu wake alikuwa amewaambia wale wanaoitaka kozi ya afya na huduma za jamii kwamba, kabla ya kuchagua, kila mmoja akakae na mtu mzima asiye wa nyumbani kwao, amsikilize, kisha aje aseme kitu ambacho mtu huyo angependa kukifanya na hakifanyi. Mimi nilikuwa nimeshakataa. Lakini yeye alisema baadaye kwamba Babu alimkataza kozi, hakumkataza kutembelea watu. Akenda nyumba ya kona, akakaa na rafiki yangu siku nzima ya Jumamosi, mpaka mke wa rafiki yangu akampa magunzi ya mahindi awatupie mbuzi wao, ishara kwamba ameshakuwa mtu wa nyumbani.

Wiki ya uchaguzi ilikuwa inakwisha. Alkhamisi, siku ya mwisho ya skuli katika wiki yetu, nilipotoka kulala mchana, nilimkuta jikoni anafuta finjani zangu kwa ajili ya kahawa ya alasiri. Hiyo si kazi yake, na nilipomwona nilijua kuna jambo.

"Babu," akasema, "kwa nini humpi Babu wa kona kahawa?"

"Nani kasema simpi? Mtu haji. Nimpelekee kwa waya?"

"Alipokuwa akija."

"Alipokuwa akija alikunywa moja akatikisa. Mimi nilazimishe watu kunywa?"

Aliishika finjani moja kwa ncha za vidole, akainyosha mbele yangu, akaiacha iteteme. Alifanya kidogo tu, wala hakuwa anamwigiza kwa kumcheka.

"Hakuwa anatikisa," akasema. "Mkono wake unatikisika hata ukiwa mtupu."

Yeye akaendelea kufuta. Alisema Babu wa kona amemwambia kitu anachokitaka ni kahawa ya kwetu, si kahawa tu, kwa sababu kwake anapewa kwenye kikombe kikubwa chenye mfuniko na mrija, kama juisi. Alisema aliambiwa yote hayo polepole sana, ikamchukua muda mrefu, na kwamba mzee anaamini Babu alikuwa akimwondoa kwa adabu, anamnyang'anya finjani baada ya moja ili asimwage tena, na mtu akishaonyeshwa mlango kwa adabu, naye kwa adabu hutoka.

"Na lile neno la zulia," akasema mke wangu, aliyekuwa mlangoni muda wote. Hakusema zaidi. Hajawahi kuhitaji kusema zaidi.

Jioni ile wazee walikuta majlisi imefunguliwa, tende zipo, mwenye nyumba hayupo. Nilikuwa njiani na dele la kahawa mkono mmoja na finjani mbili mkono wa pili, natembea nyumba tatu kwenye jua la saa kumi, kanzu imenishika mgongoni. Mtumishi wa jirani alikuwa akimwagilia miti ya nje, akaniuliza kama nimefungua biashara. Nikamwambia ndiyo, na mteja wangu wa kwanza ameshanikasirikia.

Rafiki yangu alikuwa sebuleni, televisheni inasema peke yake. Kile kikombe cha mrija kilikuwa pembeni yake. Alinitazama, akalitazama dele, akatazama chini ya miguu yake.

"Umekuja," akasema, na nikajilazimisha kungoja yanayofuata. "Umekuja nilimwagie kahawa na zulia la mke wangu?"

"Zulia la mke wako halina thamani hiyo," nikasema. "Shika."

Nilimtilia kidogo sana, pungufu ya kawaida, asimwage. Akanywa. Akanyosha mkono, finjani inacheza kama kawaida yake. Nikamtilia. Akanywa, akanyosha. Nikamtilia. Niliposimama pale ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama mwaka mzima bila ya kukiona: mtu anayetikisa finjani hugeuza kiganja, mara mbili tatu, kisha mkono unatulia. Wake haukugeuka, na haukutulia. Mtoto wa darasa la kumi aliona kwa kukaa tu na kutazama. Mimi nilikuwa na miaka sitini ya kumtazama, sikuona.

"Nilidhani umetosheka," nikasema.

"Na mie nikadhani umenichoka."

"Tumekaa dawati moja. Usingeweza kuniambia nitilie?"

"Kahawa haiombwi," akasema. Kisha akapumzika, akakusanya maneno. Mara mbili nilitaka kummalizia, nikauma mdomo. "Na wewe. Usingeweza kuniuliza?"

Nikamtilia tena. Akanywa mpaka dele likaanza kuwa jepesi, na mkewe akapita mara moja, akatuona, akarudi alikotoka bila ya kusalimu, jambo ambalo si desturi yake. Mwisho rafiki yangu aliiweka finjani chini, juu ya zulia, akaondoa mkono.

"Basi," akasema. Kisha: "Yule mjukuu wako. Aliniuliza, akangoja. Siku hizi hakuna anayengoja. Unampeleka kusomea nini?"

"Kemia."

Alinitazama muda mrefu. Sikujua kama anatafuta maneno au ameshayapata na anayaacha. Halafu akacheka, bega zima likacheka pamoja na ule mkono, na mimi nikacheka kwa kuwa sikuwa na pa kwenda.

Niliporudi nyumbani nilimpigia mwanangu Duqm, nikamwambia nimeridhia. Akauliza nimeridhia nini, maana alikuwa ameshalisahau jambo lenyewe, akidhani limekwisha. Nikamwambia mtoto achukue kozi yake. Akasema, "Baba, leo Alkhamisi. Wiki imekwisha."

Ijumaa na Jumamosi sijui nilizimalizaje. Mjukuu wangu nilimwambia nitakwenda skuli Jumapili asubuhi. Akasema "Sawa, Babu" ile ile, ila hakuniambia nimuulize daktari, na kimya hicho kilinitia hofu zaidi.

Jumapili nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na kilemba kizuri kuliko nilichovaa harusi ya baba yake. Nilidhani kilemba kitasaidia. Mshauri wa wanafunzi alikuwa bibie mpole, akanikaribisha, akasikiliza. Nilimweleza habari yote, kuanzia mtandio mpaka zulia. Aliposikia ya finjani aliweka kalamu chini. Nikasema moyoni, hapa nimeshapata. Nilipomaliza aliniambia kwamba amefurahi kunisikia, kwamba mwalimu naye alimsifu mtoto huyu kwa aliyoyaleta kutoka kwa mzee wa kona, na kwamba viti vimekwisha tangu Alkhamisi mchana. Cha mwisho kilikuwa kimewekwa kando kwa ajili yake. Walingoja mlezi aje. Mlezi hakuja, akapewa mwengine aliyekuwa akikitaka.

Mlezi aliyengojwa ni mimi. Alkhamisi mchana ile nilikuwa nimelala, feni juu yangu na baridi imewashwa.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa kioo, mkoba begani. Niliona kupitia kioo kwamba ameshajua, kwa namna alivyotazama uso wangu na kisha akatazama kilemba. Nimefanya makosa mengi katika maisha, mengine makubwa kuliko hili, lakini mengi yalianguka juu ya watu wazima wenye uwezo wa kunigombeza. Hili lilimwangukia mtoto ambaye alisema sawa.

Yule bibie alituita ndani wote wawili. Alisema ipo skuli nyengine, upande wa Khodh, ina kozi hiyo hiyo na bado wana nafasi. Lakini basi la skuli ile halifiki mtaa wetu, na mtoto atalazimika kuhama hapa, awaache wenzake aliokuwa nao tangu darasa la kwanza. Akamgeukia yeye, si mimi, akamwuliza anaonaje. Nilitaka kujibu. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Nikaushusha.

Mtoto alifikiri. Alitazama dirishani, ambako wenzake walikuwa wakitoka kwenye darasa la mazoezi wakisukumana. Kisha akasema anaitaka kozi. Akauliza tu nani atampeleka, maana mama yake anaanza kazi mapema na baba yuko Duqm.

"Mimi," nikasema.

"Babu," akasema, "wewe unaendesha kama umebeba mayai."

"Basi utafika mzima."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi baada ya kustaafu. Mwaka huu mzima, asubuhi, mimi na mjukuu wangu tunatoka Mabela kabla jua halijawa kali, tunapita matuta ya barabarani taratibu, magari yanatupigia honi nyuma, yeye anajifanya hayasikii. Wiki ya kwanza alikaa kiti cha nyuma, na wenzake wapya walipomwuliza mzee yule ni nani, akawaambia ni dereva wetu. Aliniambia mwenyewe, akingoja nikasirike. Nikamwuliza kama aliwaambia dereva ana kiinua mgongo cha serikali. Siku ya pili akahamia mbele.

Jioni, kwenye kahawa, nilikuwa na deni jengine la kulipa, la lile neno la zulia. Rafiki yangu alirudi majlisi. Sikutaka kumwekea sheria yake peke yake, akaonekana mgonjwa mbele za watu, na hili sikulifikiri mwenyewe. Nilimwuliza mjukuu wangu, naye akaniambia nimuulize mzee. Nikamwuliza. Rafiki yangu alisema kila mtu aiweke finjani chini akitosheka, aliyeishika atiliwe. Basi siku hizi kwenye majlisi yangu hakuna anayetikisa, tunaweka chini, na mgeni anayetoka nje ya mtaa hudhani sisi ni watu tusiojua desturi. Jirani mwenye wajukuu peke yake aliendelea kutikisa, kwa mazoea, na mimi nikaendelea kumtilia, akitikisa namtilia, mpaka siku moja moyo ukamwenda mbio, akajifunza.

Yeye ndiye aliyeniuliza, mbele ya wote, Daktari hajambo na masomo yanakwendaje. Niliona rafiki yangu ameishusha finjani yake kunisikiliza.

"Si daktari," nikasema. "Anasomea kuhudumia watu. Wagonjwa na wazee."

Jirani alitafuna tende yake. Akauliza kama wanafundishwa pia namna ya kuwanyamazisha wazee wanaosema sana. Nikamwambia hiyo wanaifikia mwaka wa pili, na jina lake limeshapelekwa. Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye joto. Miaka kumi nilikuwa nikiiogopa dakika ile, na ilipokuja haikuzidi tende moja.

Mjukuu wangu anaipenda kozi. Huniambia tukiwa garini, si yote, kwa sababu anasema mengine ni siri za watu. Juzi walifundishwa namna ya kumsaidia mtu kusimama kutoka kwenye kiti, na aliporudi akataka kunijaribia mimi. Nikamwambia mimi nasimama mwenyewe. Akasema vizuri, basi simama. Nikasimama, ikachukua muda, na yeye alikaa ananitazama bila ya kusogea, mikono yake imekaa tayari, mpaka nilipomaliza. Nilidhani atanicheka. Aliniambia tu kwamba nimefanya vyema kukataa, na kwamba mara nyengine nianze kwa kusogeza miguu nyuma.

Kuna jambo moja ambalo hatulisemi. Njia yetu ya kwenda Khodh inapita karibu na skuli yake ya zamani, na tukitoka kwa wakati wetu wa kawaida tunakutana na basi lao kwenye mzunguko wa barabara, wenzake wamejaa madirishani. Mwanzo walikuwa wakimpungia mkono, na yeye akiwapungia mpaka basi lipotee. Siku hizi hawatazami tena nje, wana mambo yao. Yeye bado hutazama. Nilijaribu kutoka mapema kidogo ili tusilikute. Siku ya tatu akaniuliza kwa nini namwamsha na jogoo. Nikasema napenda barabara ikiwa tupu.

"Babu," akasema, "usinichagulie."

Nikamwuliza anataka tutoke saa ngapi. Akaniambia. Tunatoka saa hiyo, na tukifika kwenye mzunguko napunguza mwendo, jambo ambalo kwa uendeshaji wangu si rahisi kulitambua, basi linapita, yeye anatazama, na mimi nangoja mpaka amalize ndipo nikanyage mafuta.